Consenso: neno la Kihispania linalotaka kundi

Katika maneno ya Kihispania ninayofundisha, consenso hushikwa haraka na kutumiwa ovyo. Matamshi hayana taabu: mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kon-SEN-so, kama kwetu. Ni nomino ya jinsia ya kiume, na sifa huifuata: el consenso amplio, los consensos amplios. Aliyekulia kwenye ngeli hashindwi na hilo. Tahajia ndiyo huwaponza hata wenyeji. Wengi huandika concenso.

Kamusi ya Real Academia Española, chuo kinachosimamia lugha hiyo, inasema ni makubaliano yatokanayo na ridhaa ya wanakundi wote, au baina ya makundi kadhaa. Kwa hiyo ukielewana na mwenye nyumba kuhusu kodi, mmefikia acuerdo. Ukisema consenso utachekesha. Mgonjwa akikubali kupasuliwa, hiyo ni consentimiento. Na Mwafaka wa CCM na CUF wa mwaka 2001, hati ya pande mbili yenye saini, ningeuita acuerdo bila kusita.

Neno hili lilipata uzito wa pekee Hispania, baada ya dikteta Franco kufariki mwaka 1975. Waandishi saba wa rasimu ya katiba walitoka kambi zilizokuwa haziivi: chama tawala cha UCD, wasoshalisti, wakomunisti, Wakatalani, pamoja na Manuel Fraga, aliyewahi kuwa waziri wa Franco. Katika mambo mazito walitafuta maneno ambayo kila upande ungeweza kuyavumilia. Ndiyo maana ibara ya 2 inataja umoja usiovunjika wa taifa na papo hapo inatambua “nacionalidades”, yaani jamii zenye utaifa wao, neno lililowakera wahafidhina. Wabasque wa chama cha PNV hawakuwa na mtu kati ya wale saba. Tarehe 31 Oktoba 1978 wabunge 325 walisema ndiyo, 6 hapana, 14 hawakuegemea upande. Hiyo si unanimidad, yaani kauli moja ya wote, lakini Wahispania mpaka leo huiita katiba ya consenso, nami naona wana haki.

Katika kuandika, tumia llegar a un consenso au alcanzar un consenso. Hacer un consenso haipendezi sikioni. Jambo linalokubaliwa hufuata sobre: No hay consenso sobre la fecha, hawajaafikiana kuhusu tarehe. Uamuzi uliopita bila kupigiwa kura ni por consenso. Kitenzi chake ni consensuar, na magazeti hukipenda mno: una ley consensuada, sheria iliyoafikiwa. Ukikinyambua na mkazo ukaangukia u, usisahau alama juu yake: los partidos consensúan el texto, vyama vinaafikiana kuhusu maandishi.