Fahali "aliyethibitishwa" maana yake nini

Wiki jana, kwenye foleni ya maziwa hapa Njoro, nilimsikia kijana anayepandisha ng'ombe akimwambia mama mmoja, "Shosho, hii mbegu ni ya fahali aliyethibitishwa, ako na cheti." Cheti chenyewe nilikiona. Kilikuwa cha ukoo: baba, mama na mababu wa fahali huyo, basi.

Nimelisikia neno hilo likitumiwa hivyo mara nyingi mno. Linalokusudiwa nalo ni tathmini ya kijenetiki, yaani makisio ya kile fahali atakachowarithisha mabinti zake kwa maziwa, mafuta, afya ya kiwele na urahisi wa kuzaa, akilinganishwa na mafahali wengine wa aina yake. Fahali hakamuliwi, kwa hiyo tunamsoma kupitia jamaa zake, hasa mabinti. Hiyo ndiyo maana yenyewe, haina mengi.

Ukoo ni habari nyingine. Kenya Stud Book, ambayo ofisi yake iko hapa Nakuru, huandikisha nani kamzaa nani, na kazi hiyo ni ya maana sana kwa sababu bila ukoo hakuna hesabu inayoweza kuanza. Lakini chukua mafahali wawili, baba mmoja, mama mmoja. Vyeti vyao vya ukoo vinafanana, ila kila mmoja alipata nusu yake ya jeni za baba na nusu yake ya jeni za mama, na nusu hizo si zilezile. Mmoja anaweza kuzaa mabinti wa kujaza ndoo na mwenzake asizae. Cheti hakitakuonyesha yupi ni yupi.

Linalonikera zaidi ni hilo neno "kuthibitisha". Asili yake ni mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusimama imara, ndiko lilikotoka "thabiti". Anayelisikia huona jambo limekwisha, muhuri umegongwa. "Tathmini" ina mzizi mwingine kabisa, uleule wa "thamani". Kutathmini ni kutia bei, na bei ina siku yake. Mfugaji wa huku anajua kwamba gunia la mahindi la Novemba, mavuno yakiwa yamejaa uani, haliuzwi kama lilelile mwezi wa Juni. Mahindi hayajabadilika.

Jeni za fahali nazo hazibadiliki tangu azaliwe. Kinachobadilika ni makisio, kila rekodi za mabinti wapya zinapoingia, ndiyo maana kando ya thamani yake huandikwa asilimia ya uhakika. Marekani hutoa hesabu mpya mara tatu kwa mwaka, Aprili, Agosti na Desemba. Tena kila baada ya miaka mitano husogeza kipimo cha kulinganishia, kwa kuwa ng'ombe kwa jumla wameboreka. Kiliposogezwa Aprili 2025, mafahali wa aina ya Holstein walishushwa tarakimu za maziwa bila wao kuharibika. Kwa hiyo kuweka katalogi ya 2021 kando ya ya leo na kuchagua namba kubwa ni kujidanganya.

Halafu kuna muda wa kungoja. Fahali huanza kutoa mbegu akiwa na mwaka mmoja hivi. Mimba miezi tisa, binti akue, apandishwe, azae akiwa na miaka miwili au zaidi, kisha akamuliwe siku 305, ndio msimu mmoja wa kukamuliwa. Baba yake ameshakaribia miaka mitano au kuipita, na huku kwetu, mitamba wanakochelewa kuzaa, ni zaidi. Pengine ameshakufa na imebaki mirija ya mbegu zake tu kwenye mtungi wa naitrojeni. Tangu Januari 2009 Marekani imekuwa ikitoa makisio rasmi yanayotumia DNA, na ndama huweza kupimwa kabla hajatoa mbegu hata tone. Ni hatua kubwa, ila makisio hayo yameegemea rekodi za ng'ombe wa kule na malisho ya kule. Mabinti wanaokula nepia na mabua ya Njoro wanaweza kuwapanga mafahali haohao kwa mpangilio mwingine. Ndiyo sababu nawasihi jirani zangu waandike maziwa kila siku na wapeleke rekodi mapema. Daftari linalokaa mwaka mzima kabatini linamchelewesha fahali mzuri, na mbaya anaendelea kupandisha.

Kwa hiyo, kijana wangu, ukifungua mtungi wako tena, mwambie Shosho hivi: "Huyu alitathminiwa mwezi fulani, kwa mabinti kadhaa, na uhakika wake ni asilimia kadhaa." Na kama ulichonacho mkononi ni cheti cha ukoo tu, sema, "Huyu ni wa ukoo mzuri, mabinti zake bado hawajakamuliwa." Shosho ataelewa, na huenda bado akamchukua.