Maana ya kuanua matanga kwa familia iliyouliwa mtu wake

Kuanua matanga ni kuhitimisha siku za kukusanyika nyumbani kwa mfiwa baada ya maziko, ili waliokuja kushinda na kulala naye waage na kurudi kwenye shughuli zao. Maana yenyewe ni hiyo tu, na isingehitaji maelezo marefu kama msemo huu usingegeuzwa siku hizi kuwa jina la mwisho wa majonzi, hasa katika habari za mauaji, ambapo jaji akishasoma hukumu husikika mtangazaji akisema kwamba familia ya marehemu sasa imeanua matanga.

Kitenzi anua ni kinyume cha anika. Mpunga huanikwa juani, na wingu likitanda huanuliwa, yaani huondolewa juani ukarudishwa ndani. Tanga nalo ni lile la chombo cha baharini, ambalo zamani, kama lile la mtepe, chombo cha kale cha pwani, lilikuwa la mkeka. Wako wanaoeleza kwamba matanga ya msiba yalipata jina kutokana na mikeka waliyotandikiwa waliolala chini pamoja na wafiwa, na maelezo hayo nayaona yana mantiki, kwa sababu kinachoanuliwa ni kitu kilichotandikwa. Watu hukaa matanga, hulala matanga, kisha huyaondoa. Wanaofanya hayo ni jamaa na majirani pamoja na mfiwa, na wanaoruhusiwa kuondoka ni wao. Mfiwa yuko kwake, haendi popote. Kwa Waislamu wa pwani taazia, yaani kuwapa wafiwa rambirambi, ni siku tatu, na mara nyingi hitima, kisomo cha kumwombea marehemu, husomwa siku ya tatu, lakini mjane aliyefiwa na mumewe hubaki edani, yaani katika kipindi chake cha kungoja kabla ya kuweza kuolewa tena, miezi minne na siku kumi, wageni wakiwa wamekwisha kutawanyika zamani. Huko Kenya bara neno matanga limehama likawa mikusanyiko ya kabla ya maziko, pamoja na michango yake na hata disko matanga, yaani dansi za usiku za kuchangisha fedha, na kwa hilo sina ugomvi na mtu.

Ugomvi wangu ni na hukumu kuitwa matanga. Aliyeuliwa mtu wake hafuati ratiba ya msiba wa kawaida. Kwanza mwili hautoki mochwari mpaka daktari aufanyie uchunguzi, na kabla ya hapo jamaa, kwa kawaida wawili, huitwa kuutambua. Jamaa hao hao baadaye huwa mashahidi: baba husimama kizimbani, pengine miaka kadhaa baada ya maziko, akaulizwa jina lake, uhusiano wake na marehemu, na siku aliyoutambua mwili, kisha wakili wa utetezi akamhoji. Kuna mtu ambaye huzuni yake ilikuwa imeanza kutulia, na swali hilo moja likamrudisha mochwari.

Wakili Willie Kimani aliuawa nchini Kenya mwezi Juni 2016 pamoja na mteja wake na dereva wa teksi aliyekuwa amewabeba, na miili yao ikaopolewa mtoni karibu na Ol Donyo Sabuk. Mahakama Kuu iliwatia hatiani washtakiwa wanne, watatu kati yao wakiwa maofisa wa polisi, Julai 2022, na adhabu ikatolewa Februari 2023. Matanga ya familia hizo tatu yalikuwa yameondolewa zaidi ya miaka sita kabla ya hapo, na kusema kwamba yaliondolewa siku ya adhabu ni kukosea kalenda na kukosea maana kwa pamoja. Hukumu huamua nani aliua na atalipaje. Kwa familia hilo ni jambo kubwa, maana humwondolea marehemu uvumi kwamba huenda aliyataka mwenyewe, lakini ni jambo jingine.

Wala familia nyingi hazingoji hukumu ndipo zitafute maana ya yaliyowapata. Akina mama wa Mathare, Dandora na mitaa mingine ya Nairobi, ambao watoto wao waliuawa kwa risasi za polisi, waliunda mtandao wao: husindikizana mahakamani, huwapokea akina mama wapya waliofikwa na jambo lile lile, na huandamana siku ya Saba Saba, yaani tarehe saba Julai, wakiwa wamebeba picha za watoto wao. Wengi wao hawajapata hata kesi ya kusikilizwa. Ukitazama vizuri, wanachofanya ni kuendelea kukaa na mfiwa baada ya mikeka kukunjwa, kazi ambayo desturi iliwagawia majirani kwa siku chache tu.

Kwa hiyo mwandishi anayeripoti hukumu ya mauaji anaweza kuandika kwamba hukumu imetolewa, na inatosha. Jirani naye, badala ya kuwaambia wenzake kwamba pale matanga yameshaanuliwa, anaweza kupita siku moja akauliza kesi itatajwa lini, na kama kuna mtu wa kwenda nao.