Je, wajua kwa nini wachezaji wa kike wa mpira wa kikapu hukatika kano ya goti bila hata kugongwa?

Tarehe 24 Machi 2025, katika ukumbi wa Galen Center jijini Los Angeles, JuJu Watkins wa Chuo Kikuu cha Southern California alichanja mbuga na mpira kuelekea kikapu huku wapinzani wakimbana. Robo ya kwanza ilikuwa haijaisha. Alipojaribu kupenya, goti lake la kulia lilipinda vibaya, kano yake ikakatika, akaanguka akilishika kwa mikono miwili, na hakuinuka tena mpaka alipobebwa kutolewa uwanjani. Timu yake iliifunga Mississippi State kwa pointi 96 kwa 59, lakini wiki moja baadaye ilitolewa na Connecticut katika robo fainali ya mashindano ya kitaifa ya vyuo, bila mchezaji ambaye msimu huohuo alipewa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka ya shirika la habari la AP.

Connecticut nao walikuwa wakilijua jeraha hilo vizuri kuliko walivyopenda. Paige Bueckers alikatika kano hiyohiyo Agosti 2022 na kukosa msimu mzima. Mwenzake Azzi Fudd aliipata ajali hiyo mara mbili, kwanza mwaka 2019 akiwa bado shule ya sekondari, kisha Novemba 2023 akiwa mazoezini. Anayefuatilia kikapu cha wanawake wa vyuo vya Marekani amezoea orodha za namna hii, na pengine amezoea pia kuzieleza kwa maneno mawili: bahati mbaya. Maneno hayo yanafariji, lakini hayaelezi kwa nini bahati hiyo iwaandame zaidi wanawake. Takwimu za majeruhi za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, zimeonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba katika kikapu wanawake hupata jeraha hili mara kadhaa zaidi ya wanaume, ilhali wanacheza mchezo uleule juu ya sakafu ileile.

Kano inayozungumziwa ni ile ambayo wanamichezo huiita kwa herufi za jina lake la Kiingereza, ACL. Ina urefu wa kama sentimita 3 tu, nayo hupita kimshazari katikati ya goti, ikiunganisha mfupa wa paja na mfupa wa mbele wa mguu. Kazi yake ni kuuzuia mfupa huo wa chini usichomoke kwenda mbele wala kujizungusha kupita kiasi. Mtu anapotembea au kukimbia moja kwa moja, kano hii haisumbuki sana. Shida huanza anapofunga breki ghafla, anapobadili upande kwa mguu mmoja, au anapotua baada ya kuruka, na mechi ya kikapu imejaa hayo matatu. (Waliocheza netiboli shuleni wanaijua hali hiyo, kwa kuwa sheria ya kusimama mara unapodaka mpira hulitwisha goti mzigo uleule.) Ndiyo maana majeraha mengi ya ACL, takriban saba kati ya kila kumi, hutokea bila mchezaji kugongwa na mtu. Wengi husimulia kwamba walisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa, kisha goti likalegea.

Wataalamu waliozichambua picha za video za ajali hizo waligundua kwamba kano huelekea kukatika ndani ya sehemu chache za mia za sekunde tangu mguu uguse sakafu. Hakuna ubongo unaoweza kutambua hatari na kuiagiza misuli iokoe goti kwa muda mfupi hivyo. Kinachoamua, basi, ni jinsi mwili ulivyokwisha kujipanga hewani, kabla ya kutua, na hapo ndipo tofauti kati ya wanawake na wanaume inapojitokeza.

Msimamishe msichana wa miaka 14 juu ya sanduku la urefu wa sentimita 30 hivi, umwambie ajiachie, atue kwa miguu yote miwili, kisha aruke juu mara moja. Ukimtazama kwa mbele, mara nyingi utaona magoti yakikaribiana anapotua, kana kwamba yanataka kugusana. Ukimtazama kwa ubavuni, utaona anatua akiwa amenyooka, magoti na nyonga vikiwa vimekunjwa kidogo tu. Sababu mojawapo ni kwamba katika kubalehe wavulana huongezeka urefu na misuli kwa pamoja, ilhali wasichana wengi hurefuka bila nguvu za nyonga na kiwiliwili kuongezeka kwa kasi hiyo. Misuli ya mbele ya paja hushika usukani, na ile ya nyuma, ambayo ingeisaidia kano kuuvuta mfupa wa chini urudi mahali pake, huchelewa au huzidiwa.

Zipo pia sababu za kimaumbile. Nafasi ambamo kano hupita ndani ya goti huwa nyembamba zaidi kwa wanawake wengi, na upana wa nyonga hubadili pembe ambayo paja hulikutia goti. Homoni za mzunguko wa hedhi zimechunguzwa sana, lakini matokeo yamekuwa yakipingana, na kwa maoni yangu zinatajwa mitandaoni kwa uhakika usiostahili. Mfupa haubadilishwi kwa mazoezi, ila namna ya kutua hubadilika. Programu za mazoezi ya kuruka, kutua, kusawazisha mwili na kuimarisha misuli ya nyuma ya paja, zinazochukua dakika 15 hadi 20 mara mbili au tatu kwa wiki, zimeonekana kupunguza majeraha ya ACL kwa wanawake kwa karibu nusu. Kwa dawa ya bei hiyo, inasikitisha kwamba wasichana wengi hufika chuoni wakiwa na mamia ya mechi miguuni kabla mtu yeyote hajawafundisha kutua.

Hasara haiishii kwa nyota mmoja. Januari 2024 timu ya Chuo Kikuu cha Texas Christian, iliyokuwa imeuanza msimu kwa kushinda mechi 14 mfululizo, iliandamwa na majeraha ya kila aina, likiwemo la ACL, mpaka ikalazimika kuzipoteza mechi mbili mezani kwa kukosa wachezaji wa kutosha. Kisha ikatangaza majaribio ya wazi kwa wanafunzi wa kawaida ili ipate watu wa kukaa benchi.

Kurudi uwanjani nako kuna mtego. Daktari huchukua kipande cha kano nyingine ya mchezaji mwenyewe, kwa kawaida ile ya chini ya pia ya goti au ya misuli ya nyuma ya paja, na kukipandikiza mahali pa ACL. Kipande hicho hudhoofika kwanza katika miezi ya mwanzo kabla ya kupata mishipa mipya ya damu, kwa hiyo mchezaji anaweza kujisikia mzima wakati ambapo goti lake bado ni dhaifu. Kati ya wanamichezo wenye umri chini ya miaka 25 wanaorudi kucheza, karibu mmoja kati ya wanne hukatika ACL kwa mara nyingine, ama katika goti lilelile ama katika la pili, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wanaorudi kabla ya miezi tisa.

Fudd, aliyekwisha kuumia mara mbili, ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa hatua ya mwisho Aprili 2025, Connecticut walipoichapa South Carolina 82 kwa 59 na kutwaa ubingwa. Kwa Watkins, kalenda ilikuwa ngumu zaidi. Hata kama angefanyiwa upasuaji siku ileile aliyoumia, miezi tisa ingekamilika mwishoni mwa Desemba, na msimu wa vyuo huanza mwanzoni mwa Novemba. Septemba 2025 alitangaza kwamba msimu wote wa 2025/26 hatacheza.