Ukiongezewa muda kwenye MCAT, shule za udaktari zinajua?

Wanafunzi ninaowashauri kuomba shule za udaktari Marekani wananiuliza hili karibu kila msimu, eti nikiongezewa muda kwenye MCAT, mtihani wa kuingia shule hizo, kwa sababu ya ulemavu au ugonjwa, si watanikata tu? Shule hazijui hata kama uliongezewa. Ripoti inayotoka AAMC, wenye mtihani wenyewe, ina alama zako kati ya 472 na 528, haisemi ulikaa chumba cha peke yako, haisemi una disleksia (ugumu wa kusoma) au kisukari kinachokulazimu kula katikati ya mtihani.

Zamani haikuwa hivyo. Alama ziliwekewa kibandiko kwamba mtihani ulifanyika nje ya hali ya kawaida, basi, sababu hakuna, kwa hiyo msomaji anajaza mwenyewe, na binadamu akijaza mwenyewe hajazi mazuri. Kijana mmoja asiye na mikono aliishtaki ETS, kampuni ya mitihani, kwa ajili ya kibandiko hicho kwenye GMAT, mtihani wa kuingia shule za biashara, wakamalizana 2001, SAT na ACT, mitihani ya kuingia vyuo, wakakiondoa 2003, LSAT ya shule za sheria ikabidi sheria iwasukume mpaka 2014.

Sasa kuna utafiti uliotoka kwenye jarida la kitabibu la JAMA 2015, ulitumia data za wakati vibandiko bado vipo, na waliopewa muda wa ziada walikubaliwa asilimia 43.9, wengine 44.5. Yaani karibu sawasawa! Kilichonikaa mimi ni cha baadaye: Step 1, mtihani wa leseni ya udaktari unaofanywa ukiwa shuleni, walifaulu kwa mara ya kwanza asilimia 82.1, wenzao 94. Wapo wanaosema hiyo inaonyesha alama zao za MCAT zilipandishwa na muda, mimi naona ni haraka mno kusema hivyo, maana mtu aliyesaidiwa siku moja ya mtihani halafu akaachwa mwenyewe miaka ya mihadhara kabla ya Step 1 utapimaje alama yake?

Na watu wengi hawajui kwamba ruhusa ya MCAT haikufuati. Step 1 unaomba upya kwa NBME, bodi inayoshughulikia mtihani huo, na makaratasi upya, na wanaweza kukukatalia. Shuleni nako unaomba upya.

Kwenye insha yako ya maombi usitaje kama hutaki, hulazimiki. Ila mwambie na anayekuandikia barua ya mapendekezo asitaje, maana siri nyingi zinatokea huko, mwalimu anakusifu kwa nia njema kabisa jinsi ulivyopambana na ADHD (tatizo la umakini), kamati nzima inasoma.