Kwa nini mwenye nyanya hukubali bei upesi kuliko mwenye mahindi?

Msimu wa nyanya ukipamba moto pale Ilula, mkoani Iringa, mkulima hutaja bei ya tenga, dalali akataja nusu yake, na mara nyingi anayeshuka ni mkulima. Watu husema dalali ana maneno. Uchumi una jibu jingine, na kwangu mimi linamtendea mkulima haki zaidi.

Mwaka 1950 Mmarekani John Nash, akiwa na miaka 21, alionyesha kuwa bei hutegemea kila mmoja atabaki na nini wasipoelewana. Tuseme mkulima akimkosa mnunuzi huyu atauza gengeni kwa shilingi 8,000, na mnunuzi anaweza kulipa hadi 20,000 bila hasara. Zipo 12,000 za kugawana. Wakilingana kwa mengine, wanazigawana nusu kwa nusu, na bei inaangukia 14,000. Akitokea mnunuzi wa pili mwenye 14,000 mkononi, za kugawana na yule wa kwanza zinabaki 6,000, hesabu inapanda hadi 17,000, na mkulima hajaongeza hata neno.

Ariel Rubinstein wa Israeli aliingiza muda mwaka 1982. Watu wawili wanataja bei kwa zamu, na kila zamu inayopita inakula sehemu ya faida. Kama kwa wote wawili kila zamu inabakiza asilimia 90 ya faida, anayeanza kutaja bei anapata kama asilimia 53 ya faida yote. Sasa mfikirie mkulima ambaye nyanya zake zinalainika juani: kwake kila zamu inabakiza nusu tu, ilhali mnunuzi bado ana 90. Hapo hata akianza yeye kutaja, anaambulia kama asilimia 18. Tena nadharia inasema watakubaliana papo hapo, kwa kuwa wote wanaona kungoja kunaelekea wapi. Kwa hiyo anayekubali upesi hajazidiwa akili. Amepiga hesabu sawasawa.

Mahindi ya Mbozi, mkoani Songwe, yakikaushwa vizuri hukaa ghalani miezi. Lakini ada ya shule na deni la mbolea vikibisha hodi, mwenye mahindi naye hana subira tena, ndiyo maana wengi huuza wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Mfumo wa stakabadhi ghalani, uliowekewa sheria mwaka 2005, unagusa hapo hapo: mazao yakiwa ghalani, stakabadhi inaweza kuwa dhamana ya mkopo, mkulima akalipa ada na bado akangoja bei.

Nyanya haina ghala la namna hiyo. Kinachowezekana shambani ni kupanda kwa kupishana, zisiive zote wiki moja.