Waya wa spika: ya barazani na ya kwenye shaba

Mjomba wangu wa Ngamiani, hapa Tanga, alinunua spika mbili kuukuu za mbao, kubwa, kwa ajili ya kanda zake za taarabu za Black Star na Lucky Star. Akazifunga mwenyewe. Siku ya tatu akaniita: "Njoo usikilize, mjomba. Gita la besi limekwenda wapi?"

Jirani alikwisha kata kesi: waya rahisi. Dukani nako wameshamwonyesha mwingine, mnene kama kidole, bei yake nusu ya bei ya spika.

Waya haukuwa na kosa. Nyuma ya spika ya kushoto, waya uliotoka skrubu nyekundu ya amplifaya, ile mashine ya kukuza sauti, ulikuwa umeingia kwenye skrubu nyeusi ya spika. Barazani husemwa mengi kuhusu waya, tuyapime moja moja.

"Nyekundu na nyeusi ni urembo tu." Kwa spika moja, ni kweli hutasikia tofauti. Zikiwa mbili na moja imefungwa kinyume, moja ikisukuma hewa mbele huku mwenzake anavuta nyuma, sauti nzito zinauana hapo hapo sebuleni. Mwimbaji utamsikia, ila hujui amesimama upande gani, na besi inakonda. Rangi ya waya wenyewe haina maana yoyote. Maana ni upande ule ule utoke nyekundu ya amplifaya na uingie nyekundu ya spika, kushoto na kulia. Waya ambao pande zake zote ni rangi moja mara nyingi una mstari au kituta upande mmoja wa plastiki. Pitisha kidole gumba, utakiona kwa kukigusa.

Kama maandishi ya spika yamefutika, chomoa waya kwenye amplifaya, kisha gusisha ncha zake kwenye betri ya volti 1.5, mara moja tu na kuachia. Karatasi ya spika kubwa ikiruka mbele, waya ulio kwenye chanya ya betri ndio wa nyekundu. Ikirudi ndani, ni kinyume. Usijaribu mchezo huu kwenye twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, peke yake.

"Waya ghali ndio unaoleta sauti." Kinachohesabika ni urefu, unene na madini. Kanuni ambayo mafundi wengi huifuata ni kwamba ukinzani wa waya, yaani jinsi unavyozuia umeme, kwenda na kurudi, usizidi asilimia 5 ya omu (kipimo cha ukinzani) za spika. Spika ya omu 8 inaruhusu 0.4, ya omu 4 inaruhusu 0.2. Sasa piga hesabu ya sebule ya kawaida, mita 5 toka amplifaya hadi spika. Waya wa shaba wa 1.5, ule wa milimita za mraba moja na nusu, unakula kama 0.13. Umepita kwa zote mbili. Ule mwembamba wa 0.5 unakula karibu 0.4: kwa omu 8 unachechemea mpakani, kwa omu 4 umeanguka. Ukivuka mita 7 na spika zako ni za omu 4, nenda 2.5. Kwa sebule ya kawaida, mnene zaidi ya huo unanunua ganda.

Pesa watu hupotezea kwenye madini. Waya mwingi unaong'aa kama shaba ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na aluminiamu hupitisha umeme kama asilimia 60 tu ya shaba ya unene ule ule. Kabla hujalipa, kwaruza uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, umeshajua. Ama uchukue mnene zaidi kwa bei ya chini, ama uondoke. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka moyoni, na rola lake ni zito mkononi.

"Waya wa umeme wa nyumba haufai." Unafaa sana, spika haijui waya uliuzwa kabati gani. Hofu yangu ni watoto na wageni: waya wa kahawia na buluu unaoning'inia nyuma ya spika unafanana mno na wa pasi, na iko siku mtu atautia plagi. Uwekee alama.

"Lazima kushoto na kulia zilingane urefu." Mita 2 za ziada za 1.5 ni 0.05 ya omu. Hakuna sikio litakalosikia hilo.

"Vichwa vya dhahabu vinatamuisha sauti." Havitamuishi. Havishiki kutu, basi, na kwa upepo wa bahari wa Tanga hilo si dogo. Shaba iliyo wazi huku inageuka kijani kwenye ncha, na hapo ndipo muziki huanza kukatika. Dawa yake haina gharama: kata ncha, menya sentimita moja, sokota nyuzi zikaze, rudisha, kaza skrubu. Hakikisha hakuna uzi hata mmoja uliochomoza ukagusa wa jirani, maana shoti ya namna hiyo inaweza kuondoka na amplifaya.

Kwa mjomba nilibadilisha nafasi za nyaya mbili tu, dakika haikuisha. Akabonyeza kanda, besi ikaja kutoka ukutani, kikombe cha kahawa kikatetemeka kwenye kisahani. Jirani alinyamaza kidogo.

"Si niliwaambia," akasema. "Waya ulikuwa mpya, ulitaka siku tatu kuzoea."