Kolaji: yanayosemwa na yaliyo kweli

Maneno yanayorudiwa zaidi ni kwamba kolaji, yaani sanaa ya kubandika vipande vya karatasi, kitambaa au picha kuunda kazi moja, ni kimbilio la asiyejua kuchora. Yanaudhi, kwa sababu historia yenyewe inayakanusha. Mwaka 1912 mchoraji Pablo Picasso alibandika kwenye picha yake ya rangi ya mafuta kipande cha kitambaa cha meza kilichochapishwa sura ya msuko wa kiti, kisha akaizungushia picha nzima kamba badala ya fremu. Mwaka huohuo mchoraji mwenzake Georges Braque alibandika karatasi ya ukutani inayofanana na mbao ya mwaloni kwenye mchoro wa mkaa. Braque alikuwa amefunzwa kazi ya kupaka na kurembesha nyumba, na aliweza kuigiza mishipa ya mbao kwa rangi na kitana hadi ukadhani ni mbao. Hakubandika kwa kushindwa. Alitaka mtazamaji ajiulize: kati ya mistari ya mkaa na karatasi iliyochapwa kiwandani, kipi hapa ni halisi? Jambo hilo brashi peke yake isingeliuliza kwa ukali ule.

Je, basi, wao ndio waliovumbua kubandika? La. Walichofanya ni kukiingiza kitendo hicho kwenye uchoraji wa kisasa. Mary Delany wa Uingereza alianza mwaka 1772, akiwa na umri wa miaka 72, kukata karatasi za rangi na kuunda maua kwa vipande vidogo mno. Alitengeneza karibu picha 1,000, ambazo leo zimo katika jumba la makumbusho la British Museum.

Wengine husema karatasi yoyote na gundi yoyote itafaa. Kazi nyingi huharibikia hapa. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa rojo la mbao lenye lignini nyingi, kitu cha asili kinachoupa mti ugumu. Ikikutana na mwanga na hewa hubadilika rangi kuwa njano, kisha kahawia, na asidi yake huifanya ivunjike vipandevipande. Ukiupenda ukurasa fulani wa gazeti, nakili kwenye karatasi isiyo na asidi ubandike nakala.

Gundi ya maji nayo ina tabia yake. Nyuzi za karatasi hunywa maji zikavimba, na karatasi hutanuka zaidi kwa upana wa nyuzi kuliko kwa urefu wake. Inapokauka husinyaa na kuvuta kadibodi iliyo chini, ndiyo maana kazi hukunjamana. Dawa yake ni rahisi: bandika karatasi nyingine ya unene uleule nyuma ya kadibodi, nyuzi zielekee upande mmoja na za mbele, ili mivuto miwili ipingane. Na ukitumia aina mbili za rangi katika kazi moja, rangi ya mafuta inaweza kuja juu ya akriliki (rangi inayochanganywa na maji) iliyokauka, lakini akriliki haishiki vizuri juu ya mafuta.

Ipo pia dhana kwamba sanaa ya vifaa mseto ni kurundika chochote mpaka nafasi ijae. Mtazame Njideka Akunyili Crosby, mzaliwa wa Nigeria anayefanya kazi Marekani. Huhamisha picha za majarida na za familia kwa asetoni, kimiminika kinachoyeyusha wino: nakala hulazwa kifudifudi, hulowanishwa mgongoni, husuguliwa, na wino huhamia kwenye karatasi ya chini ukiwa umefifia kidogo. Picha hizo hujaza kuta, sakafu na nguo, lakini nyuso huchorwa kwa mkono. Kumbukumbu inabaki nyuma ya mtu aliye mbele yako. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alitumia michoro ya vitabu vya tiba kuunda nyuso za wanawake, na ugonjwa uliochorwa hapo unakuwa sehemu ya maana. Ukiondoa kifaa kimoja, kazi inasema kitu kingine.

La mwisho ni la sheria: eti ukibadilisha asilimia fulani ya picha ya mwenzio inakuwa yako. Hakuna kipimo hicho. Mwaka 2013 mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kesi ya mpiga picha Patrick Cariou dhidi ya Richard Prince, aliyebandika na kupaka rangi juu ya picha za Cariou. Kazi 25 zilikubaliwa kuwa matumizi halali, yaani hazikuhitaji ruhusa ya Cariou. Tano zilirudishwa zichunguzwe upya. Zilipimwa mojamoja, na sheria za nchi nyingine ni tofauti tena. Kama unataka kuuza kazi yako, tumia picha ulizopiga mwenyewe, zile ambazo hakimiliki yake imekwisha, au omba ruhusa kabla ya kushika mkasi.